Bomba la ekseli limelegea kwenye kasti: lichomelewe au ekseli itupwe?

SWALI: Nina Land Rover 110 ya zamani yenye lile difu kubwa la Salisbury nyuma. Nabeba mahindi na alizeti kutoka vijiji vya Mpwapwa kuja sokoni Kibaigwa. Kwa miezi miwili sasa oili inavuja pale bomba la kulia linapoingia kwenye difu, na nikivuta mzigo propela shafti inatetemeka. Fundi wa weldi hapa anasema atazungusha mshono kwenye bomba bila kufungua chochote, kazi ya saa moja. Fundi mwingine anasema kasti haichomelewi, nitafute ekseli nyingine. Nimsikilize nani?

JIBU: Wote wawili wamekosea, ila yule wa saa moja ndiye atakayekugharimu zaidi. Kasti, yaani chuma chenye kaboni nyingi kilichomiminwa kwenye kalibu, inachomelewa. Kisichowezekana ni kuichomelea ikiwa baridi, imelowa oili, difu likiwa ndani, kwa fimbo ile ile inayotengenezea mageti. Kazi yako inawezekana, lakini ni ya siku mbili, na kabla ya kuwasha mashine kuna mambo mawili ya kuthibitisha: kwamba bomba kweli limezunguka, na kwamba tumbo la difu lingali zima kiasi cha kustahili gharama hiyo.

Ekseli yako si chuma kimoja. Tumbo la difu, yaani ile sehemu nene ya katikati, ni kasti. Mabomba ya kushoto na kulia ni chuma laini cha kawaida. Yamesukumwa kwa presi ndani ya tumbo yakabana, kisha vitundu vilivyoachwa kwenye kasti vikajazwa weldi ili bomba lisizunguke. Kinacholishikilia bomba lako ni ule mbano pamoja na hizo weldi za kwenye vitundu. Sasa fikiria kinachopita hapo. Ukikanyaga breki, nguvu ya kusokota inaanzia kwenye ncha za mabomba, inapita kwenye kiungo hicho, inafika kwenye mkono wa juu wenye umbo la A uliofungwa juu ya tumbo. Ukijinasua kwenye korongo la mchanga na magunia nyuma, nguvu inapita palepale ikielekea upande wa pili. Miaka ikipita weldi za vitundu hupasuka, bomba huanza kucheza kidogo kidogo, mbano unalika, oili inapata njia. Bomba likizunguka, pua ya difu, pale propela inapofungwa, inainuka au kushuka, krosi za propela zinafanya kazi kwenye pembe isiyo yake, na hapo ndipo mtetemo unapozaliwa.

Lakini kuvuja peke yake si ushahidi. Oili ya sili ya pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, hupeperushwa na upepo ikajipaka kwenye bomba, na mtetemo unaweza kuwa wa krosi iliyokufa au wa boli jointi ya ule mkono wa A. Angalia hivyo kwanza kwa sababu ni rahisi. Kisha safisha kiungo kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka chuma kionekane, ukaushe, na upige mstari kwa tindo kali kutoka kwenye kasti kuvuka hadi kwenye bomba. Piga mitatu, kuzunguka bomba, pande zote mbili za difu. Usitumie chaki wala rangi, vumbi la barabara ya Kongwa litaifuta kabla hujarudi. Fanya safari zako za kawaida kwa wiki moja. Mistari ikiachana hata kwa milimita 1, bomba linazunguka, na hakuna ubishi tena. Ikibaki imenyooka, usichomelee kitu. Tafuta uvujaji kwingine.

Kwa nini yule fundi ana uhakika sana? Huenda amewahi kuchomelea ekseli za Land Cruiser na hazikumsumbua. Hauzingi ya Land Cruiser ni ya mabati mazito ya chuma laini yaliyokandamizwa kwenye kalibu na kuunganishwa kwa weldi. Kasti ni lile difu linalofungwa ndani kwa bolti. Fimbo ya kawaida inashika pale vizuri kabisa. Akija kwenye Salisbury kwa mazoea hayo, mshono utaonekana mzuri, utang'aa, na utapasuka kabla ya mvua nyingine. Ekseli za malori makubwa nazo ni mchanganyiko: nyingine ni mabati, nyingine chuma cha kawaida kilichosubiwa, yaani kumiminwa kwenye kalibu, nyingine kasti ya vidonge vya grafaiti. Ndiyo maana chuma hupimwa kwanza.

Kukipima hakuhitaji maabara. Toboa tundu dogo la drili mahali pasipo na kazi, kwa mfano ukingoni mwa mbavu ya nje ya tumbo. Chuma laini na chuma kilichosubiwa hutoa nyuzi ndefu zilizojikunja kama chemchemi ya saa. Kasti ya kijivu hutoa unga mweusi unaochafua vidole. Kasti ya vidonge huwa katikati, vipande vifupi vinavyoshikana kidogo kisha kukatika. Halafu gusa kwa grinda na utazame cheche gizani: za chuma laini ni ndefu, za manjano hafifu, za kasti ni fupi, nyekundu iliyofifia, zinakufa karibu na diski. Mwisho gonga kwa nyundo ndogo sehemu iliyokuwa safi na isiyobanwa na kitu. Kasti ya kijivu hutoa mlio uliokufa, ya vidonge hulia karibu kama chuma. Kipimo kimoja pekee kinaweza kudanganya. Vitatu vikikubaliana, amini.

Tofauti yote ni kaboni. Chuma cha bomba lako kina kaboni isiyofikia asilimia 0.3, kasti ina kati ya asilimia 2.5 na 4, nyingi ikiwa imekaa kama grafaiti. Ukiyeyusha kasti kwa fimbo ya chuma, kaboni inaingia kwenye mshono, na kwa kuwa chuma baridi kilichozunguka kinanyonya joto kwa sekunde chache, unapata ukanda mgumu kama kioo pembeni mwa mshono. Faili haiuli, inateleza juu yake. Wakati huohuo mshono unapoa na kujivuta, na kasti haina tabia ya kunyumbuka. Kinachofuata ni ufa mwembamba, milimita chache nje ya weldi na sambamba nayo. Mafundi wengi huulaumu mshono wakati uliokufa ni ukanda wa kasti uliokuwa jirani yake.

Kwa hiyo fimbo ya 6013 haifai, na 7018 pia haifai, hata kama mtu atakuambia ndiyo fimbo ya nguvu. Ile ya chuma cha pua ya 309 imeenea gereji kwa sababu inashika kila kitu siku ya kwanza. Kwenye kasti inatanuka na kujivuta kupita kiasi, na kiungo kinachosokotwa kila siku hakiivumilii. Unachotaka ni fimbo ya nikeli na chuma, yenye nikeli karibu asilimia 55, inayoandikwa ENiFe-CI kwenye boksi na karibu na mkia wa fimbo. Mshono wake ni laini, unakubali kugongwa na kunyooka, na unastahimili kaboni bila kugeuka kioo. Kuna pia ya nikeli tupu, ENi-CI, nzuri kwa kasti nyembamba itakayochongwa baadaye, lakini kwa kuunganisha kasti na chuma nguvu iko kwenye ile ya 55. Fimbo hizi ni ghali na mara nyingi huuzwa mojamoja. Usinunue isiyo na maandishi. Kwa pande zote mbili andaa 15 za milimita 2.5, ukibakiza tatu si hasara.

Kabla ya kununua hizo fimbo, fungua kifuniko cha nyuma cha difu na uchunguze tumbo. Ufa ukiwa umeingia kwenye makao ya beringi au kwenye matundu ya bolti za vikombe vya beringi, simama, tafuta hauzingi nyingine. Hivyohivyo kama kasti imepasuka kuzunguka zaidi ya robo ya mdomo unaomeza bomba, au kama bomba limecheza hadi ukilitikisa kwa mkono linapiga kelele ndani ya tundu lake. Weldi hairudishi mbano uliolika. Itabeba peke yake mzigo ambao kiwandani waliugawa kwa viwili. Na spindo, ile ncha inayobeba beringi za habu, haichomelewi kwa hali yoyote. Ufa kwenye spindo ni spindo mpya. Kwa mizigo unayoibeba, hauzingi iliyotumika na iliyonyooka mara nyingine hushinda weldi bora. Muulize muuzaji bei yake kabla hujaamua, kisha ulinganishe na fimbo, sili mpya, mkaa na siku mbili za fundi.

Kazi yenyewe

Ekseli itoke chini ya gari. Najua ndicho usichotaka kusikia. Lakini huwezi kupasha moto kasti hadi nyuzi 250 za Selsiasi huku paipu za breki, springi na tenki la mafuta viko juu yake, wala huwezi kuacha kraunwili, ile gia kubwa ya difu, na beringi ndani. Beringi ikipita nyuzi 150 hivi ugumu wake unaanza kwenda, na sili za mpira zinageuka majivu. Toa haafu shafti zote mbili, yaani zile shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni, jambo jepesi kwenye ekseli hii kwa kuwa zinachomoka bila kugusa habu. Kabla ya kutoa difu, pima mchezo wa meno ya kraunwili kwa saa ya kupimia na uandike namba. Piga alama kwenye vikombe vya beringi, kimoja nukta moja, kingine mbili, kwa sababu havibadilishani. Shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi, za kushoto ziwe kwenye bahasha yake na za kulia kwenye yake. Difu la Salisbury limebanwa kwenye tumbo kwa mkazo, hivyo linahitaji kifaa cha kutanulia hauzingi. Usitanue zaidi ya milimita 0.3, kwani ukizidisha tumbo halirudi. Anayelichokoa kwa nondo mbili anaweza kuharibu kile unachojaribu kuokoa.

Safisha kuliko unavyodhani inatosha. Kasti iliyokaa na oili miaka 30 imeinywa. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kausha, kisha pasha eneo la kuchomelea kwa gesi taratibu. Utaona oili ikitoka jasho kutoka ndani ya chuma kilichoonekana safi. Futa kwa brashi ya waya, pasha tena, mpaka jasho likome. Ukiruka hatua hii, mshono wa kwanza utatoa matundu kama maandazi. Usitumie dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Nyingine zina klorini, na mwanga wa weldi huigeuza gesi ya sumu inayoua mapafu. Petroli nayo iache: bomba ni pango refu, na mvuke uliobaki humo unangoja cheche tu. Ncha zote mbili na kifuniko cha nyuma viwe wazi muda wote.

Sasa toa weldi zote za zamani kwenye vitundu mpaka uone chuma king'aacho cha bomba. Kama mtu aliwahi kupitisha shaba hapo, na kwenye magari ya zamani hilo ni la kawaida, ichonge yote. Nikeli haikai juu ya shaba. Masalia kidogo tu yanatosha kupasua mshono. Kwenye mdomo wa kasti chonga mfereji wenye umbo la V kuzunguka bomba, kina cha milimita 5 au 6. Diski ya grinda hupaka grafaiti juu ya uso wa kasti kama anayepaka masizi, hivyo malizia kwa faili kali au kwa biti ya kabaidi. Kama kuna ufa mdogo kwenye mdomo, tafuta mwisho wake kwanza: paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, futa pakauke, paka unga wa chaki mkavu. Mafuta yaliyojificha yatachora mstari juu ya chaki. Toboa tundu la milimita 3 mbele kidogo ya mwisho wa mstari huo ndipo uufungue ufa. Ufa usiozuiwa mwisho wake hukimbia mbele ya moto.

Rudisha bomba mahali pake kwa kutumia alama. Kama alama zako ulizipiga baada ya bomba kuzunguka, basi kipimo chako ni ekseli yenyewe: mashikio ya mikono ya chini kwenye bomba la kushoto na la kulia lazima yalale kwenye usawa mmoja, na pembe ya pua ya difu ilingane na ya upande ambao haukusogea. Lihakikishe hili mara mbili, kwa kuwa ukishachomelea, kosa nalo limechomelewa.

Kuhusu moto, kuna njia mbili na hakuna ya katikati. Ya baridi ni kuchomelea vipande vya sentimita 2 na kungoja hadi mkono uvumilie kugusa kabla ya kingine; inafaa kuziba ufa wa kuvuja mahali pasipo na mzigo. Kiungo chako kinabeba mzigo, kwa hiyo tumia ya moto: tumbo lote kati ya nyuzi 200 na 300 muda wote wa kazi. Mtungi wa gesi peke yake unapasha doa moja, na hilo lenyewe linaweza kupasua kasti. Mkaa ni bora. Pasua pipa kwa urefu, kata nusu duara kila upande mabomba yakalie, weka mkaa uliokwisha kukolea chini na pembeni ya tumbo, usiingie ndani. Geuza ekseli kila baada ya dakika 10. Jipe saa nzima kufika. Haraka hapa haina faida yoyote.

Kama huna kipimajoto cha mwanga au chaki za joto, waya wa kulehemu redio wa bati na risasi wa 60/40 huyeyuka karibu na nyuzi 190, na risasi safi nyuzi 327. Gusisha vyote viwili kwenye kasti, mbali na mfereji. Waya ukiyeyuka na risasi ikakataa, uko mahali sahihi. Risasi nayo ikiyeyuka, punguza mkaa na ungoje.

Mashine: ya inveta inafaa, fimbo ikae kwenye chanya, ampia 60 hadi 80 kwa fimbo ya 2.5, ukianzia chini. Mashine za kusukwa mitaani zenye hatua tatu za moto mara nyingi hazishuki vya kutosha. Ethi ifungwe kwenye bomba lenyewe karibu na weldi. Ukiifunga kwenye habu, umeme utapita kwenye beringi na kuacha vidonda vidogo ambavyo utavisikia vikilia baada ya mwezi. Zungushia turubai. Dodoma upepo wa Agosti unatosha kupoza mshono upande mmoja wakati upande mwingine bado mwekundu, na asubuhi za Juni na Julai hewa yenyewe ni baridi kuliko watu wa pwani wanavyoamini. Acha uwazi kwa juu moshi utoke. Moshi wa nikeli si wa kuvuta.

Anza kwa kutandika tabaka jembamba la nikeli juu ya ukingo wa kasti peke yake, bila kugusa bomba. Hili ndilo tabaka litakalochanganyika na kaboni. Likishakaa, unachounganisha baadaye ni nikeli na chuma, si kasti na chuma, na ugomvi mkubwa umekwisha. Kisha jaza vitundu: anza chini kwenye bomba, zunguka ukipanda ukutani. Baada ya hapo ndipo mshono wa kuzunguka bomba. Elekeza moto kwenye bomba na kwenye nikeli iliyokwisha lala, kasti iguswe kwa pembeni tu. Fimbo iende moja kwa moja, usiisuke kushoto na kulia. Kila kipande kiwe na urefu wa milimita 25 hadi 30, na shimo la mwisho wake lijazwe kabla ya kunyanyua fimbo, kwa maana ufa hupenda kuanzia hapo. Ondoa slagi mara moja, kisha gonga mshono ukiwa bado wa moto kwa nyundo ndogo ya kichwa cha duara, mapigo mengi mepesi hadi uone umejaa alama. Kugonga huko kunaunyoosha mshono wakati wenyewe unataka kujivuta. Ukigonga kwa nguvu unapasua, ukigonga umeshapoa hufanyi kitu.

Usizunguke moja kwa moja. Chukua bomba kama uso wa saa: kipande kwenye 12, kingine kwenye 6, kisha 3, kisha 9, halafu hamia bomba la pili ufanye hivyohivyo, urudi ujaze katikati. Mshono ukitoka upande mmoja tu utavuta bomba kama kamba, na kwenye urefu wa bomba hilo nyuzi chache za kupinda zinakula tairi. Joto lisipite nyuzi 350, likikaribia, pumzika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiiache ekseli ipoe: ongeza mkaa, funika kwa bati, ishikilie palepale hadi urudi. Iliyopoa nusu kazi ikapashwa tena ina nyufa usizoziona.

Ukimaliza, ifukie. Jivu kavu la kuni au chokaa kavu, nusu pipa, tumbo lote lizame. Usimwagie maji, usiiache kwenye upepo, usifukue hadi kesho yake. Sikiliza saa mbili za mwanzo. Ukisikia “tik” kali ndani ya jivu, kuna mahali pamepasuka, na kesho utapatafuta kwa mafuta ya taa na chaki. Mshono ukitoka kimya bado utapakwa chaki vilevile, kwa uhakika.

Kabla ya kufunga kitu, ingiza haafu shafti zote mbili zikiwa kavu. Zinatakiwa kuteleza na meno yake kuingia kwenye difu bila kulazimishwa, ila huo ni ukaguzi wa mwanzo tu kwa kuwa shafti ina nafasi ndani ya bomba. Kipimo cha kweli ni magurudumu: ukishafunga, pima kati ya rimu na rimu mbele na nyuma kwenye urefu wa habu, kisha zungusha magurudumu nusu mzunguko upime tena. Tofauti ikizidi milimita 2, bomba limevutwa, na linanyooshwa kwenye presi, si kwa nyundo. Makao ya beringi yasafishwe na kukaguliwa kwa kupaka rangi ya bluu. Beringi zirudi na shimu zake, vikombe kwa alama zake, na mchezo wa meno upimwe. Ukirudi kwenye namba uliyoiandika, tumbo halikupinda. Usipolingana, shimu zipangwe upya kabla ya gari kusogea, kwa sababu kraunwili isiyokaa mahali pake italia kwa siku chache kisha kumwaga meno.

Sili ziwe mpya. Oili ya gia ya EP90 inaingia takriban lita 2.3, ila msimamizi ni tundu la kujazia: ikifika ukingoni, inatosha. Zibua tundu la kupumulia juu ya ekseli. Kwenye magari yanayovuka makorongo huwa limejaa tope. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji hewa ya ndani inajivuta, na kama haipati njia hapo inavuta maji kupitia sili. Oili ikigeuka kama maziwa, sababu mara nyingi ni hiyo. Na tundu hilohilo likiziba, presha ya joto husukuma oili nje kwenye kiungo chochote dhaifu, kwa hiyo sehemu ya uvujaji wako inaweza kuwa imetokea huko.

Piga mistari mipya ya tindo kuvuka weldi. Safari tano za kwanza beba nusu ya mzigo, kisha kagua mistari, mwaga oili ukiwa na sumaku mkononi, na uweke nyingine. Yule fundi wako wa kwanza anaweza kufanya kazi hii kama anakubali kuifanya kwa siku mbili. Muulize swali moja tu: kasti utaipasha hadi nyuzi ngapi? Akijibu kwamba haina haja, mlipe chai yake na ulipeleke gari kwingine.